Jinsi ya kuzilinda brauza za wafanyakazi kwenye kampuni kubwa, hatua kwa hatua

Kama unasimamia kompyuta za watu elfu tatu, elfu tano au zaidi, jua kwamba karibu kazi yote ya hao watu inafanyikia ndani ya brauza. Imeli iko huko, mishahara iko huko, mafaili ya wateja yako huko, hata mfumo wa kuomba likizo uko huko. Lakini ukiuliza brauza ni ya nani hapa, kampuni nyingi hamna anayenyoosha mkono, antivirusi ina mtu wake, netiweki ina mtu wake, brauza kila mtu kaachiwa aivae anavyotaka.

Nimefanya hii kazi miaka kadhaa na msimamo wangu ni huu: mwizi wa siku hizi hahangaiki sana kuvunja kompyuta yenyewe, anachotaka ni ile logini ambayo tayari iko wazi ndani ya brauza, na mara nyingi anaifikia kupitia vitu viwili ambavyo tumevizoea mno, profaili binafsi (akaunti ya mtu ya nyumbani iliyounganishwa na brauza) na viendelezi (vile vijiprogramu vya kuongeza ndani ya brauza, extensions). Ndio maana hapa chini hizo hatua mbili nimezikalia zaidi, nyingine ntazipita haraka.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, usifunge kitu

Usikurupuke. Wiki mbili za mwanzo ni za kuhesabu tu. Tumia mfumo uleule unaosimamia mashine zako, toa orodha ya brauza zote, matoleo yake, na viendelezi vilivyomo. Hapa kuna sehemu watu wengi wanakosea: kwenye Windows, Chrome inaweza kujiweka ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, kule AppData, bila hata kuomba haki za admini, kwa hiyo ukiangalia Program Files peke yake utaona mashine haina Chrome wakati ipo na inatumika kila siku. Angalia na zile brauza za kubeba kwenye flashi.

Ukishajua ulichonacho, chagua mbili, moja ya kila siku na moja ya akiba. Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi zote zimejengwa juu ya Chromium, brauza ya msingi yenye msimbo wazi, tundu (kasoro ya usalama) likitokea kwenye Chromium linazigusa zote pamoja, kwa hiyo akiba yenye maana ni ya ukoo mwingine, mfano Firefox. Ila usije ukadhani akiba inakuokoa na apdeti, maana Septemba 2023 lile tundu la CVE-2023-4863 lilikuwa kwenye maktaba ya libwebp ya kufungulia picha za WebP, na maktaba hiyo Chrome wanaitumia na Firefox pia wanaitumia, wote ikabidi waapdeti siku hizohizo.

Zilizobaki zizuie zisifunguke kabisa, kwa AppLocker, kile kipengele cha Windows cha kuzuia programu, au kitu cha namna hiyo. Na kama bado mna mfumo wa zamani unaodai Internet Explorer, ile ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, tumia hali ya IE iliyomo ndani ya Edge na uandike anwani za mifumo hiyo tu kwenye orodha, usiiwashe kwa intaneti nzima.

Hatua ya 2: Iweke brauza chini ya usimamizi

Brauza ambayo haijaunganishwa na sera za kampuni (mipangilio unayoituma kwa mashine zote kutoka sehemu moja) huna amri nayo, hata uandike waraka wa kurasa arobaini. Kwenye Windows sera zinapita kwa Group Policy au Intune, mifumo ya Microsoft ya kusimamia mashine, na zinaishia kwenye rejista ya Windows, kwenye Mac zinapita kama profaili ya MDM (mfumo wa kusimamia vifaa), kwenye Linux ni faili la JSON ndani ya /etc/opt/chrome/policies/managed. Firefox ina faili lake la policies.json. Google nao wana konsoli yao ya kusimamia Chrome kupitia wingu, toleo lake la msingi ni la bure na linakupa ripoti ya viendelezi vyote vya kila mashine, mi naona usipoitumia unajinyima.

Halafu thibitisha kwa macho yako. Kaa kwenye kompyuta ya mfanyakazi wa kawaida, sio ya kwako, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Kwa Edge ni edge://policy, kwa Firefox ni about:policies. Utaona jedwali: jina la sera, thamani yake, imetoka wapi, ni ya lazima au ni pendekezo tu, na mwisho hali yake. Soma safu hiyo ya lazima na pendekezo kwa makini, kwa sababu sera ya pendekezo mtumiaji anaweza kuibadilisha. Na kama sera moja imetoka sehemu mbili zenye thamani tofauti, ukurasa huo huo utakuambia kuna mgongano. Nimeona timu ikikesha siku tatu ikitafuta kwa nini sera haishiki na jibu lilikuwa limeandikwa pale muda wote.

Kwa thamani za kuanzia chukua mwongozo wa CIS (Center for Internet Security, shirika la kuandaa viwango vya usalama), wana wa Chrome, wa Edge na wa Firefox. Ila usizimwage zote siku moja. Anza na watu hamsini, na kati ya hao hamsini hakikisha wamo wa uhasibu na wa helpdeski, maana hao ndio wenye mifumo migumu na ndio watakaokwambia ukweli. Kisha asilimia kumi ya kampuni, kisha wote.

Hatua ya 3: Apdeti, na hasa kuristati

Mwaka 2021 Chrome ilihamia kutoa toleo kubwa kila wiki 4, na kuanzia Agosti 2023 marekebisho ya usalama yanatoka kila wiki. Brauza inajishushia apdeti yenyewe, tatizo ni kwamba haianzi kufanya kazi mpaka brauza ifungwe na kufunguliwa upya, na watu hawafungi brauza. Kuna dada mmoja wa manunuzi nilienda kumsaidia printa, nikaona pale juu kulia kile kitufe cha apdeti kimeshakuwa chekundu, tabo zimebanana mpaka majina hayasomeki, nikamuuliza hiki kina muda gani, akasema kipo tu hicho, huwa sikigusi naogopa kupoteza kazi zangu. Na alikuwa sahihi kuogopa, hamna aliyewahi kumwambia kwamba tabo zinarudi zenyewe.

Kwa hiyo weka sera ya RelaunchNotification iwe 2, maana yake kuristati ni lazima na sio ombi, halafu RelaunchNotificationPeriod inaandikwa kwa milisekunde, ukitaka siku 3 ni 259200000. Usipoigusa ni siku 7, na mimi naona siku 7 ni nyingi kwa tundu ambalo tayari linatumiwa na wadukuzi. Kuna pia RelaunchWindow ya kupanga saa, weka usiku. Na waambie watu mapema: tabo zinarudi, ila fomu uliyojaza nusu inaweza kupotea na madirisha ya faragha hayarudi. Ukilisema hili kabla, simu za malalamiko zinapungua sana.

Kama mifumo yenu ya ndani inaharibika kila brauza ikibadilika, kuna Extended Stable ya Chrome ya wiki 8 na kuna Firefox ESR. Zinatulia kwenye sura na vipengele, marekebisho ya usalama bado yanaingia.

Hatua ya 4: Tenganisha profaili ya kazi na ya mtu binafsi

Hapa kaa chini tuelewane, maana hapa ndipo kampuni kubwa zimeumia, na zilizoumia ni zenye timu za usalama zilizoshiba.

Mwaka 2022 Cisco, kampuni ya vifaa vya netiweki, waliingiliwa. Wenyewe walieleza kwamba mdukuzi aliteka akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi yule alikuwa amewasha kusawazisha paswedi kwenye Chrome, kwa hiyo paswedi zake za kazi zilikuwa zimehama kimyakimya kwenda kwenye akaunti yake ya nyumbani. Baada ya hapo ikabaki kumsumbua na maombi ya kuthibitisha kwenye simu na kumpigia wakijifanya watu wa kuaminika mpaka akakubali moja. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Okta, kampuni ya huduma za kulogini, nao walisema mfanyakazi alilogini kwenye profaili yake binafsi ya Google ndani ya Chrome ya laptopu ya kazi, na paswedi ya akaunti ya huduma (ile inayotumiwa na mfumo, sio ya mtu) ya mfumo wa msaada kwa wateja ikahifadhiwa kwenye akaunti hiyo binafsi. Angalia hapo, hamna mfanyakazi aliyekusudia kuiba kitu. Mtu kabofya "Hifadhi" kwenye kile kidirisha kinachotokea juu kulia, basi, paswedi ya kampuni imetoka nje ya ukuta na ukuta wenyewe haujagundua.

Fanya hivi, na ufuate mpangilio huu huu:

Kwanza wape watu kitunza paswedi cha kampuni na uwafundishe kukitumia. Usiruke hapa. Ukizima cha brauza kabla ya kuwapa mbadala, wataandika kwenye faili la Excel au kwenye karatasi chini ya kibodi, na utakuwa umewasukuma mwenyewe.

Pili, zuia brauza isikubali kulogini kwa akaunti za nje. Kwenye Chrome ni RestrictSigninToPattern, unaweka muundo wa anwani za imeli za kampuni yako tu. Kama hamtumii kabisa akaunti za Google, weka BrowserSignin kuwa 0. Firefox ina DisableFirefoxAccounts. Edge ina za kwake, zitafute, maana watu wanafunga Chrome wanaiacha Edge wazi.

Tatu, zima PasswordManagerEnabled. Na hapa kuna mtego: sera hii inazuia kuhifadhi paswedi mpya, zile za zamani bado zimo na bado zinajijaza. Ukiishia kwenye sera utaona ripoti ya kijani huku paswedi za miaka mitano zimelala palepale. Lazima uwape watu muda wa kuzihamisha, wiki mbili au tatu, kisha uzifute, na zile za mifumo nyeti zibadilishwe kabisa kwa sababu hujui zilishasawazishwa wapi.

Watu watauliza, sasa imeli yangu binafsi nisome wapi? Jibu kwa heshima, lisiwe la kukatisha: simu yako. Au kama kampuni inaruhusu, afungue kama tovuti ya kawaida bila kulogini kwenye brauza yenyewe. Tofauti ya kulogini kwenye tovuti na kulogini kwenye brauza watu wengi hawaijui, chora picha, onyesha ile duara yenye herufi ya jina pale juu, rudia.

Hatua ya 5: Viendelezi

Kikulacho ki nguoni mwako. Kiendelezi chenye ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote" kinaona kila unachokiona, baada ya kulogini, baada ya uthibitisho wa hatua mbili, baada ya kila ulinzi uliolipia. Kinasoma maandishi ya ukurasa, kinaona unachoandika, na kikipewa ruhusa ya kuki (vile vipande vya data vinavyoifanya tovuti ikukumbuke) kinachukua na kuki. Na watu wanakubali ruhusa hiyo ili tu wabadilishe rangi ya ukurasa au wageuze PDF.

Usidhani nyota nyingi ni kinga. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kinachopendwa cha kupumzisha tabo, mwenyewe akakikabidhi kwa mtu mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na programu chafu ndani. Mtumiaji hakufanya kosa lolote, alikiweka kikiwa kizima, kikaoza mikononi mwake. Na Desemba 2024, wakati wa Krismasi, watu wa Cyberhaven, ambao ni kampuni ya usalama, mfanyakazi wao alitumiwa imeli iliyojifanya imetoka kwa duka la viendelezi la Google, akabofya, akaipa programu ya kitapeli ruhusa ya kuchapisha, na toleo chafu likaenda kwa wateja wao kwa njia ya apdeti ya kawaida. Yaani apdeti ya kiotomatiki, kitu ambacho hatua ya 3 nimekisifia, kwenye viendelezi ndiyo mlango wenyewe. Ndio maana idadi ni muhimu: kila kiendelezi ulichokiruhusu ni mtu mwingine umemkabidhi ufunguo, na hujui kesho atamuuzia nani.

Sasa utekelezaji. Sera ni ExtensionInstallBlocklist yenye alama ya nyota *, yaani vyote vimezuiwa, na ExtensionInstallAllowlist yenye orodha ya unavyoviruhusu. Kila kiendelezi kina kitambulisho cha herufi 32, ndicho unachoandika, usiende kwa jina maana majina yanafanana. Angalizo kubwa: ukiweka nyota, vile vilivyokuwa vimeshawekwa na havimo kwenye orodha vinazimika palepale, saa ileile. Ukiiwasha Jumatatu asubuhi bila kuandaa orodha utazima kitunza paswedi, utazima kiendelezi cha mikutano, na cha walemavu wa macho wanaotegemea kusomewa skrini. Hili la mwisho lisikutokee, ni kumnyima mtu uwezo wa kufanya kazi.

Orodha unaiandaa kutoka kwenye hesabu ya hatua ya 1. Panga kwa idadi ya watumiaji. Kawaida utakuta viendelezi mia kadhaa, lakini kumi au ishirini vya juu ndivyo vinashika watu wengi, na mkia mrefu wa vyenye mtumiaji mmoja mmoja. Kwa kila kimoja cha juu jiulize: kinaomba ruhusa gani, nani anakimiliki, kiliapdetiwa lini mara ya mwisho, na je brauza yenyewe haina kitu hicho tayari? Kugeuza PDF, kupiga picha ya skrini, hali ya giza, mengi ya hayo tayari yamo kwenye brauza au kwenye kompyuta yenyewe. Kila unachokikataa mwandikie mtu mbadala wake kwenye ujumbe uleule wa kumkatalia.

Ukishaweza hiyo, nenda kwenye ExtensionSettings, ambayo ina nguvu zaidi. Ndani yake kuna runtime_blocked_hosts, unataja anwani za mifumo yenu nyeti, mishahara, benki, konsoli za maadmini, na viendelezi haviruhusiwi kugusa kurasa hizo hata kama vimeruhusiwa kwingine. Unaweza pia kuzuia kwa aina ya ruhusa. Mimi nikilazimishwa kuchagua sera moja tu kwenye mwongozo mzima, naichukua hii.

Hatua ya 6: Linda sesheni

Ukishalogini inaanza sesheni, yaani kipindi ambacho tovuti inakutambua bila kukuuliza tena; tovuti inakupa kuki, na kuki hiyo ndiyo inasema "huyu ni yeye" mpaka iishe muda. Virusi vya kuiba kama RedLine na Lumma vinakusanya kuki zote kwenye kompyuta na kuzituma, mwizi anaziweka kwenye brauza yake na anaingia bila kuulizwa paswedi wala namba ya simu. Chrome 127 ya Julai 2024 iliongeza usimbaji wa kuki uliofungwa kwenye programu kwa Windows, yaani programu nyingine isiweze kuzisoma kirahisi, imesaidia, lakini haikuchukua muda watengenezaji wa virusi wakaanza kutafuta njia za kuuzunguka na wakazipata.

Kwa hiyo upande wako: mifumo nyeti isikubali logini isipokuwa kutoka kwenye kompyuta inayosimamiwa na kampuni, sesheni za maadmini zikatike ndani ya saa chache, na maadmini wawe na profaili ya brauza ya peke yake isiyo na kiendelezi hata kimoja. Hamia kwenye funguo za siri (passkeys) au funguo za USB za kiwango cha FIDO2, hizo brauza inakagua anwani halisi ya tovuti kabla ya kujibu, tovuti feki haipati kitu hata mtu akidanganyika. Zima na RemoteDebuggingAllowed, inayoruhusu programu nyingine kuiendesha brauza kutoka nje.

Na mtu akiripoti kwamba kabofya kitu kibaya, kubadilisha paswedi peke yake hakutoshi. Mifumo mingi inaacha sesheni za zamani zikiendelea. Katisha sesheni zote kwanza, halafu paswedi.

Hatua ya 7: Vitu vidogo vidogo

Arifa za tovuti zima kwa wote, DefaultNotificationsSetting iwe 2, kisha ruhusu mifumo yenu michache. Weka SSLErrorOverrideAllowed iwe hapana, ili mtu asiweze kulipita onyo la cheti kibovu, ila kabla ya hapo rekebisha vyeti vya mifumo ya ndani, la sivyo unawafungia nje watu wako.

Zuia matangazo. Watu wanaona ni starehe lakini FBI wa Marekani wenyewe Desemba 2022 walishauri kutumia vizuia matangazo, kwa sababu matapeli walikuwa wananunua tangazo linalotokea juu kabisa ya matokeo ya kutafuta, mtu anatafuta programu anashusha virusi. Kiweke kimoja kwa wote kwa nguvu ya sera, mtu asijitafutie.

Halafu kuna ule utapeli wa ukurasa unaosema "thibitisha wewe ni binadamu", unakuambia bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa tayari umeshaweka amri kwenye ubao wa kunakili, mtu anajiendeshea virusi kwa mkono wake na brauza haioni kosa. Kwa wafanyakazi wa kawaida ondoa kile kidirisha cha Run kwa Group Policy, ubane na PowerShell, programu ya Windows ya kuendeshea amri. Na wafundishe sentensi moja: hakuna tovuti halali itakayokuomba ubonyeze Windows na R.

Hatua ya 8: Maombi na siku ya moto

Weka fomu fupi ya kuomba kiendelezi na ujibu ndani ya siku mbili. Ukichelewa wiki tatu watu watatafuta kichochoro, watatumia laptopu zao za nyumbani, na hapo huoni chochote. Ruhusa maalum zote ziwe na tarehe ya kuisha.

Logi za brauza, viendelezi vilivyowekwa, mafaili yaliyoshushwa yenye onyo, paswedi za kampuni zilizotumika kwenye tovuti za nje, zipeleke kwenye mfumo wenu wa kukusanya logi. Waambie wafanyakazi wazi nini kinarekodiwa na nini hakirekodiwi, kwa maandishi, kabla hujawasha.

Mwisho fanya zoezi mara mbili kwa mwaka. Chukua kiendelezi kimoja kilicho kwenye orodha yako, sema leo kimegeuka, anzisha saa. Nani anakitoa kwenye orodha? Ni mashine ngapi zinacho? Sera inafika mashine ya mwisho baada ya muda gani, na zile laptopu zilizozimwa nyumbani je? Kuki za nani zikatwe? Mara yetu ya kwanza ilichukua saa sita, na saa nne kati ya hizo tulikuwa tunamtafuta mtu mwenye haki ya kubadilisha sera, alikuwa likizo. Sasa wako watatu, na majina yao yamebandikwa ukutani helpdeski.